Mpakato isiyotoka ofisini ni hasara ya hiari

KALAMU YA JUMATANO
Na Hamisi Mtondoo

Ingia ofisi yoyote ya mjini siku hizi, iwe ya wakala wa bima, ya mhasibu au steshenari iliyo nje ya geti la chuo, utaikuta. Kompyuta mpakato imekaa juu ya meza, chaja haichomolewi asubuhi hadi jioni, pembeni kuna kibodi ya kuchomeka na mausi, chini kuna feni ya kuipoza kwa sababu inachemka. Mwaka mzima haijavuka mlango. Muulize mwenyewe kwa nini hakununua ya mezani, atakujibu kwamba hizo zimepitwa na wakati.

Mimi nasema kinyume chake. Kwa mtu ambaye kazi yake iko sehemu moja, ya mezani ndiyo kompyuta ya kununua, na sababu kubwa ni kwamba inafunguka. Siku ikiharibika au ikizidiwa na kazi, unabadilisha kilichokufa na kuacha kizima. Mpakato nyingi za sasa hazikupi nafasi hiyo.

Nianze na hoja nzito ya wapenzi wa mpakato, maana wanayo: umeme. Ukikatika, mpakato inaendelea na ya mezani inazima na barua uliyokuwa hujaihifadhi. Ni kweli, kwa mwaka wa kwanza na pengine wa pili. Lakini betri ya lithiamu haipendi mambo mawili, kukaa imejaa muda wote na kukaa kwenye joto, na mpakato inayoshinda kwenye chaja Dar es Salaam inayapata yote mawili kila siku. Nyingi zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80, ila wanaouwasha ni wachache. Miaka inapita, umeme unakatika, nayo inazima palepale. Wengine betri inavimba mpaka inanyanyua kibodi.

Mwenye kompyuta ya mezani ananunua UPS. Ndani yake kuna betri ya asidi ya volti 12, mara nyingi ile ndogo ya Ah 7, ambayo maduka ya vifaa vya umeme yanayo na inabadilishwa kwa bisibisi. UPS ndogo haikupi saa nzima. Inakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, na hilo ndilo ulilokuwa unalihitaji. Ila usichomeke printa ya leza humo. Printa hiyo inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa mpigo, na UPS ndogo huzidiwa ikazima kila kitu.

Kisha kuna siku umeme unaporudi kwa kishindo. Kwenye ya mezani, inayokufa mara nyingi ni pawa saplai. Fundi anafungua mfuniko, anatoa skrubu nne za nyuma, anachomoa plagi pana ya pini 24 na ile ndogo ya prosesa, anaweka nyingine, na wateja hawajamaliza hata foleni. Vipimo vya vitu hivyo vinatokana na mtindo wa ATX ambao Intel waliutoa mwaka 1995, na hadi leo viwanda vingi vinaufuata. Ndiyo maana spea zake ni kama za gari aina ya IST: duka hili likikosa, la jirani linayo. Kwenye mpakato nyingi, sehemu ya kupokea chaji iko kwenye bodi kuu yenyewe. Ikiungua, unamtafuta fundi mwenye mkono mwepesi wa kuchomelea chipu, au unabadilisha bodi nzima, na bei ya bodi inaweza kukufanya uiache mashine kwake.

Hata chai ina hesabu yake. Ikimwagika kwenye kibodi ya mezani, unatupa kibodi. Ikimwagika kwenye mpakato, inaweza kushuka moja kwa moja kwenye bodi.

Tuje kwenye kuongeza nguvu, hapo ndipo watu wanapoumia zaidi. Mtu ana mpakato nyembamba yenye RAM ya GB 4 au 8, imeanza kukwama, anaipeleka Kariakoo akidhani ataongezewa. Fundi anafungua mgongo, anamwonyesha: hakuna sloti. Chipu za RAM zimechomelewa kwenye bodi. Apple walifanya hivyo kwenye MacBook Air tangu mwaka 2008, na wengine wengi wakafuata kwenye mashine zao nyembamba. Utetezi wao haukosi ukweli, kwa sababu aina ya RAM inayookoa betri inataka kukaa karibu kabisa na prosesa. Lakini mwaka 2024 Lenovo walitoa ThinkPad P1 Gen 7 yenye RAM ya aina hiyohiyo, ila ya kufungwa kwa skrubu. Kumbe yawezekana.

Kwenye ya mezani, RAM unaibonyeza kwenye sloti mpaka isikike ikibana. Bodi nyingi za AMD zenye soketi ya AM4 zilizotoka mwaka 2017 zilikuja kupokea prosesa za mwaka 2022 kwa kusasisha BIOS tu. Mwenye bodi hiyo alipata kompyuta nyingine ndani ya boksi lilelile.

Nisiwadanganye, ya mezani nayo ina ukomo. Mashine nyingi zinazouzwa kama mtumba, OptiPlex za Dell na EliteDesk za HP, zina pawa saplai na bodi za umbo la kiwanda chenyewe, kwa hiyo spea ya kawaida haiingii. RAM na diski zinabadilika bila shida, mengine uliza kwanza. Halafu angalia kizazi cha prosesa. Windows 10 iliisha muda wake wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, kwa kawaida inataka kizazi cha nane kwenda juu. Kwa vizazi vya kabla ya cha kumi, tarakimu ya kwanza baada ya alama ya kistari ndiyo inayokwambia: i5-7500 ni ya saba, i5-8500 ni ya nane. Usikubali kuambiwa utabadilisha prosesa baadaye. Soketi za vizazi hivyo viwili zinafanana kwa macho, lakini bodi ya saba haiipokei prosesa ya nane. Tofauti ndogo ya bei dukani ndiyo inayotenganisha mashine ya miaka mitano na mashine ya mwaka mmoja.

Anayelilia gharama ya umeme wa LUKU namshauri zile ndogo za kufunga nyuma ya kioo: OptiPlex Micro, ThinkCentre Tiny, EliteDesk Mini. Nyingi zinatumia prosesa ya wati 35, RAM yake ni ile ndogo ya mpakato lakini inachomoka, na hata nishati ya jua ya kiasi inaziendesha.

Mwanafunzi anayehama bweni, mwandishi wa habari, mkaguzi wa miradi vijijini, hao wanahitaji mpakato na sitawabishia. Nawaomba tu wachague inayofunguka. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina sloti mbili za RAM na betri ya nyuma unayoichomoa kwa vidole. Ni nzito kidogo na haina urembo, lakini miaka hii yote bado inatafutwa, na wanaoitafuta wanajua wanachokitafuta.

Wanaonishangaza ni wanunuzi wa taasisi. Shule inaandaa chumba cha kompyuta, meza zimejengewa ukutani, madirisha yana nondo, halafu zabuni inaomba mpakato thelathini. Betri zitakufa karibu kwa pamoja, bawaba zitavunjika kwa mikono ya watoto, na kuziiba ni kuingiza kwenye begi. Wenzetu wameanza kulibana hili kisheria: Ufaransa tangu mwaka 2021 mpakato dukani huandikwa alama, kati ya 10, ya urahisi wa kuitengeneza. Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziwe za kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Sisi hatuna haja ya kusubiri sheria. Anayeandika vigezo vya zabuni aongeze mstari mmoja: RAM, diski na betri vibadilike bila kuchomelea, na spea zipatikane nchini.

Na wewe unayenunua kwa fedha yako, kabla ya kulipa mwombe muuzaji afungue mfuniko uone sloti. Akisema hairuhusiwi, hamia duka la pili.