TAHARIRI: JESHI LIKIVUKA MPAKA, RAIA AAMBIWE



Kila litokeapo balaa kusini ya Mto Ruvuma, au huko Kongo ya mashariki, swali moja huulizwa barazani: kwa nini majeshi ya nchi marafiki huchelewa kufika? Swali hilo ni la haki. Lakini liko la pili ambalo haliulizwi kwa sauti: yakisha kuvuka mpaka, nani huambiwa? Leo twataka kuyashika yote mawili, kwa kuwa moja halisimami bila ya jengine.

Tuanze na pwani ya Kilwa na Lindi, maana pwani hiyo imeyaona haya kabla yetu. Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza waliteremsha majeshi yao Kilwa na Lindi ili wamzunguke jemadari wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck. Waliopigana katika nchi ile hawakuwa Waingereza watupu: walikuwamo Wahindi, Wanigeria, watu wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na askari wetu wa Keya. Ng'ambo ya Ruvuma alikuwapo mshirika wao, Mreno, naye aliingia vitani mwaka huo huo wa 1916.

Mwezi wa Oktoba 1917 pakapiganwa Mahiwa, katika nchi ya Lindi, siku nne mfululizo. Upande wa Waingereza ulipoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa. Mjerumani akarudi nyuma, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma akaikuta ngome ya Wareno pale Ngomano haijajiweka tayari. Akaiteka, akachukua bunduki na risasi zake, akaendelea na vita mwaka mzima mwengine. Washirika walikuwa wawili, baina yao mto mmoja, na kila mmoja ana amri yake na khabari zake. Adui akapita katikati.

Hiyo ni hasara ya kutopatana. Lakini iko hasara nyengine, kubwa zaidi, ambayo vitabu vya majemadari huipitia upesi. Nani aliyachukua mahitaji ya majeshi yale kutoka bandarini hadi bara? Ni wapagazi. Walitolewa vijijini, na visiwani mwetu pia walichukuliwa watu. Walikufa kwa njaa, kuhara na homa, na makisio mengi ya waliokufa upande wa Waingereza peke yake yafikia karibu laki moja. Kumbukumbu yao iliyo hai midomoni mwa watu ni jina la soko la Kariakoo. Hapana aliyewauliza, wala aliyewaambia vita vile ni vya nini na vitakwisha lini. Jeshi lilivuka mipaka, na mzigo ukawekwa juu ya kichwa cha raia asiyeambiwa kitu.

Hatusemi kwamba kila jeshi livukalo mpaka ni la dhulma. Nachingwea, katika mkoa huo huo wa Lindi, ilikuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, na kutoka huko vijana walikwenda Ruvuma kuikomboa nchi yao mpaka ikapata uhuru mwaka 1975. Na mambo yale yalikuwa na msingi uliojulikana: mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, makao yake Dar es Salaam, na ulimwengu mzima ukajua kwa nini na kwa ajili ya nani. Baada ya maasi ya askari wa Tanganyika ya Januari 1964, Mwalimu Nyerere aliyewaita makomando wa Kiingereza alijiona ana wajibu wa kuwaeleza wenziwe. Mkutano wa mawaziri wa Afrika ukakaa Dar es Salaam mwezi wa Februari, askari wa Nigeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza, na kazi ilipokwisha wakarudi kwao. Mgeni wa namna hiyo hamdhulumu mwenye nyumba.

Sasa tutazame ya zama zetu. Tarehe 26 Agosti 2003 nchi za SADC zilitia saini Mkataba wa Kulindana, tena Dar es Salaam. Mwezi wa Oktoba 2017 wapiganaji walishambulia Mocímboa da Praia, katika Cabo Delgado, nchi ya watu wanaosema lugha iliyo jamaa ya lugha yetu na kusali sala tuisaliyo. Oktoba 2020 walivuka Ruvuma wakakiingilia kijiji cha Kitaya, Mtwara, wakaua raia. Machi 2021 wakauingia mji wa Palma. Majeshi ya SADC yaliingia kazini Julai 2021, karibu miaka minne tangu moto kuwaka, na Rwanda, ambayo si mwanachama wa SADC, ilikuwa imekwisha kufika siku chache mbele yao kwa mapatano yake na Msumbiji peke yake. Ni kweli kuwa Msumbiji yenyewe ilikawia kubisha hodi kwa jirani. Hata hivyo, mkataba wa miaka kumi na minane ulikuwa karatasi, na adui hakungoja karatasi.

Kongo nako yalitokea ya kusikitisha. Kikosi cha SADC, wakiwamo askari wa Tanzania, kiliingia Desemba 2023. Aprili 2024 askari wetu watatu waliuawa kwa kombora. Januari 2025 mji wa Goma ukaanguka, mwezi wa Machi wakuu wa SADC wakaamua kukiondoa kikosi, na njia ya kutokea ikawa ni barabara ya kupitia Rwanda hadi Chato. Askari waliokwenda kwa amri ya nchi zao walitoka kwa idhini ya nchi nyengine. Alaa! Asiyefikiri njia ya kurudi hakufikiri safari.

Basi twakubali: njia za majeshi marafiki zafaa zitengenezwe. Hata Ulaya wamo katika jambo hilo. Januari 2024 Ujerumani, Uholanzi na Poland ziliandikiana kurahisisha njia ya majeshi yao, kwa kuwa madaraja, reli na vibali viliwazuia. Sisi tuna Daraja la Umoja, la mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010 kati ya Mtambaswala na Negomano, pale pale alipovukia Mjerumani. Lakini Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, Kilwa, na kusini yote ikatengwa. Mgonjwa hakupita, samaki hakupita, na lau pangekuwa na vita, jeshi nalo lisingepita. Njia ya askari na njia ya muuza korosho ni moja. Atakaye kuimarisha ulinzi wa kusini aanze na makalvati ya Somanga.

Lakini ujenzi wa njia ni nusu ya kazi. Katiba yetu, ibara ya 44, yasema Rais akitangaza hali ya vita, Bunge likutane ndani ya siku kumi na nne. Kupeleka kikosi kwa rafiki si kutangaza vita, na hapo ndipo palipo pengo. Wenzetu wameliziba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 240, yataka idhini ya Bunge kabla ya jeshi kutumwa nje, na pia kabla ya jeshi la kigeni kuingia. Ya Afrika Kusini, kifungu cha 201, yamtaka Rais aliarifu Bunge mambo manne: sababu, mahali, idadi ya watu, na muda.

Tutajibiwa kwamba ulinzi ni siri. Twasema: siri ya vita ni siku na njia, sababu na muda si siri. Mwenye duka hatangazi barabarani bei anunuliayo, lakini mali haitoki ghalani mwake bila ya kuandikwa. Na Mwenyezi Mungu, katika Suratul-Baqara, ametuamrisha tuliandike deni na muda wake, dogo au kubwa. Je, roho ya kijana ni duni kuliko deni la pishi ya mchele?

Kwetu visiwani jambo hili ni zito zaidi. Ulinzi ni jambo la Muungano. Baraza la Wawakilishi halina la kusema juu yake. Vijana wa Unguja na Pemba wamo jeshini pamoja na wa Kilwa na Lindi. Sauti yetu katika jambo hili iko Dodoma tu. Ikinyamaza huko, sisi hatuna pengine.

Kwa hivyo twawataka wabunge wetu wayasimamie haya. Kwanza, itungwe sheria ya kuliarifu Bunge yale mambo manne kila kikosi kinapotoka, na kuomba idhini yake kikosi kinapokaa nje. Pili, jeshi la nchi rafiki lisiingie ila kwa sheria itakayotaja siku ya kuondoka na mahakama itakayomhukumu askari amdhulumupo raia. Tatu, aliyekufa nje atajwe jina hadharani, na haki za mjane na mayatima wake zilipwe bila ya kuzungushwa. Nne, barabara na bandari za Kilwa, Lindi na Mtwara zitengenezwe kwa ajili ya watu, na jeshi litapita humo humo.

Na nyinyi wanachama, mbunge akija tawini msimwulize bei ya sukari peke yake. Mwulizeni na vijana wetu wako wapi, wamekwenda kwa nini, na watarudi lini. Wapagazi wa Kilwa na Lindi hawakuwa na wa kumwuliza. Sisi tunaye.

Wabillahi tawfiq.