Hadithi ya Njiani Isikilizwe Njiani



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya mazoezi ya mwili. Najua wapo watakaosema, "Mama, mimi nalima, nachota maji, nabeba kuni, mazoezi gani tena?" Ni kweli. Wenzetu walio shambani kutwa hawahitaji kufundishwa kutoka jasho. Nasema na sisi tuliohamia mjini Kasulu na Kibondo: mafundi cherehani, wenye maduka, makarani, walimu tuliostaafu. Tunakaa kitini toka asubuhi hadi jioni, na hata kwenda sokoni tunapanda bodaboda.

Mama yetu mzazi alilala kitandani miaka mitatu kwa kiharusi kabla ya kuitwa na Bwana. Tulimgeuza, tukamwogesha, tukamlisha uji kwa kijiko. Basi nilipopimwa nikakutwa na shinikizo la damu, na mdogo wangu aliyeko Kibondo akakutwa nalo pia, tuliogopa. Daktari alinipa dawa, akaniagiza tena nitembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa juma. Hizo ni dakika 150, kiasi cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima.

Nilianza kwa bidii. Juma la pili bidii ikaisha. Kilima kilikuwa kile kile, ukungu wa asubuhi ule ule, na kitanda kina joto.

Ndipo mdogo wangu akanipigia simu. "Dada, unaikumbuka Twende na Wakati?" Nani wa rika letu asiyeikumbuka? Mchezo ule ulianza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, mara mbili kwa juma. Ulikusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI, lakini sisi tuliikimbilia redio kwa sababu tulitaka kujua Mkwaju, yule dereva wa lori, amefanya nini tena, na mkewe Tunu atavumilia mpaka lini. Siku ya mchezo vyombo vilioshwa mapema bila mtu kuamriwa.

"Basi," akasema, "tutafute kitu cha kutuita namna ile, ila tukisikilize njiani tu."

Fundi wa simu alitutilia Biblia iliyosomwa kwa sauti kwenye kadi za simu zetu. Tukaanza na habari za Yusufu, Mwanzo sura ya 37. Siku ya kwanza nilitembea sura mbili, kama dakika kumi. Yusufu akauzwa Misri, mara sura ya 38 ikageukia mambo ya Yuda na Tamari! Nikafika mlangoni kwangu nimemwacha kijana wa watu nyumbani kwa Potifa. Habari hizo nimezisoma tangu utoto na mwisho wake naujua, lakini kesho yake sikuhitaji kuamshwa.

Sharti letu lilikuwa moja: nyumbani hatusikilizi. Kila Jumapili jioni tunapigiana simu kuulizana, kila tukio lilimkuta mtu wapi. Siku moja nilisikiliza sura tatu nimekaa, nachambua maharage. Jumapili mdogo wangu akauliza, "Dada, Yusufu alipojitenga na ndugu zake akalia, ulikuwa wapi?" Nikanyamaza kidogo. "Nilikuwa jikoni." Akacheka sana. "Hiyo umeiba. Irudie kwa miguu!" Nikairudia.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili limechunguzwa huko Marekani. Katherine Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walitoa matokeo yao mwaka 2014. Watu 226 waligawanywa makundi. Kundi moja lilipewa riwaya tamu za kusikiliza, lakini vyombo vya kuzisikilizia vilifungiwa katika ukumbi wa mazoezi. Mwanzoni watu hao walikwenda mazoezini kwa asilimia 51 zaidi ya wale ambao hawakuwekewa sharti hilo. Hata hivyo nguvu hiyo ilipungua kadiri majuma yalivyopita, na sikukuu ya Shukrani ikaikata.

Hata kwetu ilikuwa hivyo. Mvua na maandalizi ya Krismasi vilitukata majuma matatu. Kurudi kulikuwa kugumu, tukaamua kuchagua kisa kipya badala ya kulaumiana. Tukaanza na Esta. Safari hii jirani yangu akaungana nami. Simu naishika mkononi, sote wawili tunasikia.

Dada mpendwa, ukitaka kujaribu, zingatia haya:

1. Chagua kisa kinachoendelea, siyo kinachokwisha siku moja. Kiwe ni simulizi, mchezo wa redio uliorekodiwa au mfululizo wa mafundisho, kiwe kitu unachokitamani hasa.
2. Usikisikilize umekaa. Ukivunja sharti hili, umebaki na redio tu.
3. Anza na dakika kumi. Mwendo uwe wa kuweza kuongea lakini usiweze kuimba.
4. Ukitumia visikilizio, ziba sikio moja tu, usikie bodaboda inayokuja nyuma. Usitoke peke yako kungali giza.
5. Dawa za shinikizo la damu usiziache. Na kama una maumivu ya kifua au unaishiwa pumzi, muone daktari kwanza.

Wapo wanaonikumbusha kwamba Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kuwa faida ya kuuzoeza mwili ni ndogo, ikilinganishwa na faida ya utauwa. Nami nakubali, utauwa kwanza. Lakini mimi nilimgeuza mama yangu kitandani kwa miaka mitatu. Hiyo faida ndogo naitaka, kwa ajili yangu na kwa ajili ya binti zangu.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.