Vitabu vya vita ni vya kina mama pia (Sehemu ya 7)

Sehemu zilizopita tuliongea vitabu vya malezi na vya kuwasomea watoto kabla ya kulala. Leo nakuja na kitu ambacho wengi hamkutegemea: vitabu vya vita na maisha ya askari. Najua ushaanza kusema "hivyo si ni vya wanaume?" Kaa kidogo, nisikilize.

Msimamo wangu ni huu: kama kuna mtu ndani ya nyumba anayepaswa kusoma habari za askari vitani, basi ni mama. Vita vikiisha, wakubwa wanapeana nishani, ila askari anarudi kwa watu wake. Anayemsikia akipiga kelele usingizini ni mke. Anayewaambia watoto "mwacheni baba, leo hayuko sawa" ni mke huyo huyo. Na hakuna aliyemwelezea huko kulikuwaje.

Sisi manesi tunawaona. Niliwahi kumhudumia mzee mmoja mpole sana, hata ukimchoma sindano anakushukuru. Siku moja stendi ya dripu ikaanguka kwa kishindo. Tulimkuta chini ya kitanda, mikono kichwani, anatetemeka. Binti yake, mtu mzima mwenye watoto wake, akaniambia, "Sista, mimi najua tu baba aliwahi kuwa jeshini. Hajawahi kutusimulia."

Wazee wengi ndivyo walivyo. Kuna mababu waliopelekwa Bama kwenye Vita Kuu ya Pili na jeshi la KAR, wenyewe wakiliita Keya. Kuna baba zetu wa vita vya Kagera. Walinyamaza, sisi tukadhani wamesahau. Vitabu hivi vinasema yale ambayo wao hawakuweza kuyasema.

1. Kuzama kwa Idi Amin, cha Baldwin Mzirai (1980)
Anza na hiki, kiko kwa Kiswahili na ni habari yetu wenyewe. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, Mwalimu akatangaza vita Novemba 2, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Kitabu kinakupa mwendo wa jeshi letu katika vita hivyo. Ni cha zamani, kaulizie maktaba au kwa wauza vitabu vilivyotumika. Halafu fanya hivi: kama una mzee aliyekuwepo, msomee ukurasa mmoja, kisha nyamaza. Usimhoji kama polisi. Akitaja jina la mwenzake mmoja tu, hiyo siku imetosha.

2. Mau Mau General, cha Waruhiu Itote (1967)
Huyu ndiye Jenerali China wa Kenya. Kabla ya kuingia msituni alikuwa askari wa KAR huko Bama. Anasimulia jinsi askari mmoja Mwingereza alivyomuuliza: mimi nikifa hapa nakufa kwa ajili ya nchi yangu, wewe je, nchi yako itapata nini? Swali hilo alirudi nalo nyumbani. Ukiwa na babu aliyekuwa Keya, kitabu hiki kitakufanya umtazame upya.

3. Afterlives, cha Abdulrazak Gurnah (2020)
Hii ni riwaya, na kwangu mimi ndiyo namba moja kwa kina mama. Gurnah ni mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kitabu kiko kwa Kiingereza. Ukitaka kumwonja kwanza kwa Kiswahili, ipo Peponi, riwaya yake nyingine iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis.

Hapa utakutana na Afiya, binti ambaye kaka yake Ilyas alijiunga na askari wa Wajerumani kwa hiari yake, akaondoka na hakurudi. Utakutana na Hamza, aliyerudi akiwa na jeraha na maneno machache. Wanaoana, wanapata mtoto, wanampa jina la yule mjomba aliyepotea. Na mtoto huyo, ambaye vita hakuviona, anaanza kusikia sauti. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Kazini nimeona mtoto anayekojoa kitandani akiwa na miaka tisa, vipimo vyote safi, na ukiuliza vizuri unakuta tatizo liko kwa baba asiyelala. Watoto wanabeba vitu ambavyo hatukuwapa kwa mdomo.

4. All Quiet on the Western Front, cha Erich Maria Remarque (1929)
Remarque alikuwa askari wa Ujerumani, akajeruhiwa mwaka 1917. Watu wengi wanakumbuka mahandaki na mabomu ya kitabu hiki. Mimi nakumbuka likizo. Kijana Paul anarudi nyumbani siku chache, mama yake ni mgonjwa, amemwekea chakula anachokipenda. Mama anauliza kama huko hali ni mbaya. Paul anamdanganya. Baba yeye anataka hadithi za ushujaa akajisifu kwa rafiki zake. Soma sehemu hiyo polepole, halafu jiulize wewe ungemuulizaje mwanao swali hilo.

5. The Unwomanly Face of War, cha Svetlana Alexievich (1985)
Mwandishi alizunguka Umoja wa Kisovieti akiwasikiliza wanawake waliokuwa vitani: wadunguaji, madereva, wafua nguo, na manesi wenzangu. Mmoja anasema baada ya vita hakuweza tena kuvumilia rangi nyekundu. Wengine walificha nishani zao, kwa sababu walivyorudi wanawake wenzao waliwatukana kwamba walienda kutafuta waume za watu. Kwa kweli hilo liliniuma kuliko risasi zote za humo ndani.

Sasa najua swali lako: "Sista, nisimletee mtoto wangu mambo ya kuuana." Mama, vita mtoto wako anavijua tayari. Viko kwenye gemu la simu, mtu anapigwa risasi, baada ya sekunde tatu anainuka. Mimi ndiye ninayebadilisha bandeji, nakwambia hainuki hivyo. Vitabu hivi si vya mtoto mdogo kusoma, wa sekondari anaweza kuanza na Remarque. Kwa mdogo, soma wewe, kisha msimulie kwa maneno yako: babu alikuwa mbali, aliogopa, alimkumbuka mama yake. Inatosha.

Angalizo la kinesi: kama umejifungua karibuni na moyo hauko sawa, au umewahi kupitia ukatili, kitabu cha Alexievich kiache kwanza. Na usivisome usiku wa manane ukiwa peke yako unanyonyesha.

La mwisho, kwa nyumba zenye mwanajeshi, maana mpaka leo vijana wetu wanakwenda kulinda amani nje, na wake zao wanabaki wakisubiri simu. Akirudi, usishangae akitaka kukaa karibu na mlango. Akiota vibaya, usimtikise. Simama mbali kidogo, muite jina lake kwa sauti ya kawaida, mwambie yuko nyumbani. Ikipita mwezi hapati usingizi, anashtuka kila kishindo, pombe imezidi au hasira zinafika mwilini mwako na kwa watoto, mje hospitali, ulizeni kitengo cha afya ya akili. Akisema anataka kufa, au akikupiga, usisubiri mwezi. Tafuta msaada siku hiyo hiyo, wewe na watoto mkae mahali salama.

Na wewe, nyumbani kwenu nani alienda vitani? Kama bado yupo hai, wiki hii mpelekee chai, ukae.