Daftari kabla ya halbadiri

Mwenye nyumba ya wageni Shela, Lamu, akikuta fedha zimepungua, haraka yake huwa ni kumwita polisi au kutishia kusomesha halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi. Yote mawili huruka swali la kwanza: nani alikuwa na ufunguo, na daftari lasemaje? Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kumfukuza papo hapo anayeshukiwa kwa sababu za kutosha. Lakini kifungu cha 41 kinamtaka kwanza amweleze tuhuma kwa lugha anayoifahamu, amsikilize, na amruhusu kuja na mfanyakazi mwenzake. Akipuuza, mahakama yaweza kumtoza hadi mishahara ya miezi 12, hata kama wizi ulitokea kweli.

Mtasema huko ni kumpa mwizi muda wa kuficha ushahidi. Si lazima, anaweza kusimamishwa huku hesabu zikikaguliwa. Mtasema pia kwamba halbadiri hurudisha mali. Huenda, kwa hofu, ila hofu haichagui, na mpishi asiye na hatia anaweza kulipa ili tu yaishe. Tena katika mji ambako mwenye hoteli, mpishi na nahodha husali msikiti mmoja, jina likishatajwa halisafishiki kwa barua ya kuomba radhi. Kibaya zaidi, na cha kivivu, ni kuwakata wote mshahara kuziba pengo. Kifungu cha 19 kinaruhusu kumkata aliyekabidhiwa fedha zikapungua kwa uzembe wake au kukosa uaminifu. Mtunza bustani hajakabidhiwa chochote ila jembe.