Kompyuta inahesabu mabati, haihesabu usiku

Leo naweka kando mambo ya seva na simu maana nina dukuduku.

Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba yake. Paa la nini, ukuta wa nini, choo cha aina gani, unapikia nini. Programu inakisia kipato chake, kisha anatozwa asilimia 2.75, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mbinu yenyewe si ngeni. Inua Jamii, inayotoa shilingi 2,000 kwa mwezi, nayo imetumia maswali ya namna hiyo kuchuja kaya maskini.

Kwetu sisi tunaoandika programu hakuna uchawi hapo. Unachukua data ya utafiti wa matumizi ya kaya, unatafuta vitu vinavyoandamana na umaskini, kila kimoja unakipa uzito, unajumlisha. Kwa wastani wa maelfu ya kaya, makisio yanaweza kuwa mazuri tu. Kwa kaya moja yanaweza kukosea vibaya, na hiyo si hitilafu ya programu. Ndivyo ilivyoundwa!

Sasa tuseme kuna mama hapa Bamburi. Nyumba ya mawe aliyorithi kwa babake, mabati juu, stima ipo. (Pwani hii mawe si utajiri, ndiyo tunayojengea.) Ndani ana kijana wa miaka 22 asiyeweza kula wala kwenda chooni bila kushikwa. Hata mahamri ya asubuhi hawezi kuuza, hana wa kumwachia. Kompyuta inaona ukuta. Usiku anaoamka mara tatu kumgeuza kijana hauna mahali pa kuandikwa.

Najua mtanijibu kwamba Inua Jamii ina fungu la ulemavu mkubwa tangu 2011, na linaangalia kama mtu anahitaji uangalizi wa muda wote. Kweli. Lakini swali hilo ni la ndiyo au la, kisha umaskini wa kaya unapimwa juu yake.

Uingereza, Sheria ya Matunzo ya 2014 inaanza na mtu mwenyewe: anaweza kujilisha, kuoga, kuvaa? Pesa zake hupimwa baadaye, kwa hesabu nyingine. Wana shida zao, halmashauri zao hazina pesa za kutosha, lakini angalau hawakuchanganya hesabu mbili kuwa moja. Mimi nikimwona kijana wa mafunzo ameandika hivyo namrudishia kazi.

Nimeanza kuchora fomu yangu: saa za matunzo kwa siku, mara za kuamka usiku, nani anampokea mtunzaji akiugua, na mwisho karatasi inayomweleza mtu ni jibu lipi lililompandisha au kumshusha, ili ajue akate rufaa juu ya nini. Nyinyi mnaotunza mtu nyumbani, ni swali gani nimesahau?