Bagamoyo, mwalimu kakaa safu ya nyuma

Huku kwetu jua la kiangazi limetukaanga hadi maji ya mtungini yanatoka ya uvuguvugu. Wiki hii tuongee starehe. Siyo ile ya kukesha na kurudi na viatu mkononi, hapana. Nasema starehe ya kumtoa baba, mama, watoto na bibi mzaa mama, wote wakarudi wanacheka na pesa ya unga ikabaki palepale ilipofichwa.

Kila mwaka kiangazi kinapoanza kuzeeka, naulizwa swali lilelile. "Dada, safari hii watoto tuwapeleke wapi?" Na jibu langu halibadiliki: ngojeni Tamasha la Bagamoyo, mwende. Loh! Utaona mtu anavyokunja uso kama kalishwa shubiri. Shoga yangu mmoja, mtoto wa mjini hasa, aliniambia hivi: "Nipande gari nikaangalie ngoma? Ngoma si nimeziacha kijijini mwenyewe?" Haya, leo nawajibu wote kwa mkupuo, maana mate yanaanza kunikauka kwa kujibu mmojammoja.

Kwanza, Bagamoyo ni pua na mdomo na Dar. Ni kilomita 70 hivi. Unapita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, ukisinzia kidogo unaamshwa na harufu ya bahari. Mji wenyewe mdogo, umekaa kimya, majumba ya mawe yanachungulia Bahari ya Hindi kama wazee wanaongoja pensheni. Zamani ulikuwa mji mkubwa bwana. Misafara ya kutoka bara iliishia pale, Wajerumani nao wakaufanya makao makuu yao, hadi 1891 walipohamia Dar es Salaam. Tangu hapo Dar ikanenepa, Bagamoyo ikabaki na historia yake.

Lakini kuna kitu kimoja Dar haijawanyang'anya: jukwaa. Twende taratibu. Nchi ilipopata uhuru, Mwalimu Nyerere alianzisha wizara ya utamaduni mwaka 1962, na miaka hiyo ya 1960 likaundwa kundi la ngoma la taifa, baadaye likafuata la sarakasi na la maigizo. Makundi hayo yalipovunjwa, ujuzi wake haukuachwa upeperuke. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kando kabisa ya bahari. Tangu 2007 ni wakala wa serikali, na jina lake siku hizi ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa kwa kifupi. Wenyeji wengi lakini bado wanasema "chuoni", na ukisema chuoni kila mwendesha bodaboda anajua anakupeleka wapi.

Mwaka 1982 wakaanza tamasha. Wanafunzi na walimu waonyeshe walichokifanya mwaka mzima, na vikundi vya mikoani na nje ya nchi vialikwe. Kwa miaka mingi lilikuwa la Septemba, siku hizi unaweza kulikuta Oktoba au Novemba. Kuna ngoma, maigizo, sarakasi, muziki, picha za kuchora, vinyago. Asubuhi utakuta watoto wanafundishwa kupiga ngoma na kupinduka kichwa chini, mchana vikundi vinapokezana, usiku ndiyo patashika yenyewe.

Sasa nikuonyeshe kitu ambacho mimi hunitoa kofia. Chuo kilikuwa na ukumbi wa kujidai nao, umeezekwa makuti, upepo wa bahari unapita mumo kwa mumo. Mwaka 2002 moto ukaupitia. Makuti na moto unajua mambo yake, ukageuka majivu. Ukumbi mpya ulichukua miaka kupatikana. Mtu angesema tamasha nalo limekwenda na makuti, si ndivyo? Chukua kalamu basi. Tamasha la kwanza 1982, na mwaka 2021 waliadhimisha la 40. Hesabu mwenyewe kwa vidole, vya mikono na vya miguu ukipenda, utaona hakuna mwaka ulioruka. Hata ule wa majivu haukuruka! Ukumbi hakuna, lakini ngoma imelia.

Ndiyo maana huwa nawaambia watu, ukumbi wa mji mdogo haushikiliwi na nguzo. Unashikiliwa na watu wanaokuja kwa miguu. Yule anayetoka nyumbani saa kumi na mbili jioni, kanga mbili, mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono, anakata kichochoro anafika. Huyo ndiye paa.

Mwaka mmoja nilikuwa pale, jioni, mimi na karanga zangu za kukaanga. Nikakaa nyuma, mbele kuna viti vya wakubwa na hotuba zao, na mimi hotuba na karanga haziendi pamoja. Ubavuni mwangu bibi mmoja, mtu mzima kabisa, kanga ya kisutu, miguu kaikunja juu ya benchi. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, watoto hawajambo?" Basi tukawa marafiki, karanga zikaanza kwenda pande mbili.

Wakaingia wanafunzi na mdundiko. Kwa asiyejua, mdundiko ni ngoma ya Wazaramo, ngoma ya kutembea. Mwali katoka ndani au harusi imeiva, ngoma inaingia barabarani, watu wanafuata, mtaa huu unaupokezea mtaa ule. Hapa Dar tulipokuwa wadogo mama zetu walikuwa wakituonya: ukiufuata mdundiko utapotea. Na kweli watoto walikuwa wanapotea! Unaanza Magomeni unacheza, ukija kushtuka hujui uko wapi, na jua limezama.

Basi wale vijana wamecheza, sare safi, mstari umenyooka, kiuno kinaitika, wazungu wa mbele wanapiga picha. Mimi nashangilia. Bibi kimya. Akasonya kidogo, akasema kama anaongea na miguu yake mwenyewe: "Mdundiko hausimami."

Nikamwuliza, bibi vipi tena? Akasema, "Mjukuu wangu, hawa wanapiga mguu palepale. Mguu wa mdundiko unakwenda. Hata ukiwa ndani ya nyumba, unakwenda. Akiuacha hivyo mwisho atasema mdundiko ni ngoma ya kusimama, na mwanawe atamwamini."

Ngoma zilipokwisha, binti mmoja katika wale wachezaji akapita kwenda kunywa maji, bado anahema. Bibi akamwita, "We mwanangu, njoo." Binti akaja, akapiga goti, shikamoo. Bibi akateremka kwenye benchi, akafunga kanga vizuri, na pale pale kwenye mchanga nyuma ya watu akamwonyesha. Hatua tatu tu. Goti limechoka, lakini mguu ulikuwa unakwenda jamani! Ulikuwa kama unavutwa na uzi. Binti akarudia, bibi akatikisa kichwa. Akarudia tena. Mara ya nne bibi akapiga kofi moja, pa! "Hapo. Sasa unakwenda kwenu." Jukwaani huko nyuma yetu kulikuwa na taa na spika na kikundi kingine kinaendelea, lakini darasa lenyewe mimi nililiona pale mchangani, na wala halikuwemo kwenye ratiba.

Msomaji wangu, hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Kumbi kubwa ziko nyingi duniani, na zipo ambazo mtazamaji anakaa gizani, anapiga makofi, anakwenda zake. Bagamoyo ni tofauti kwa sababu wenye ngoma wamekaa miongoni mwa watazamaji. Mzaramo yupo, Mkwere yupo, Mdoe yupo, Mzigua yupo. Ukikosea wanajua. Mwalimu wa chuoni ana cheti chake, na heshima yake nampa, lakini kuna mwalimu mwingine kakaa safu ya nyuma anatafuna karanga za watu. Siku huyo akiacha kuja, hakuna atakayejua kwamba mguu umepotea. Tutacheza, tutapigiwa makofi, tutapigwa na picha, na ngoma yenyewe imeshakufa zamani.

Na kuacha kuja anaweza. Kinachonipa wasiwasi ni hiki: kila tamasha nchini siku hizi linataka jina kubwa. Waandaaji wana hesabu zao, nawaelewa, spika zinakodiwa, wageni wanalishwa. Analetwa msanii wa kizazi kipya, kashika kipaza sauti, sahani ya muziki inaimba yeye anafungua mdomo tu, vijana wanazimia. Mimi siyo adui wa bongo fleva, nazicheza hata jikoni nikisonga ugali. Ila ukimweka bibi asubiri ngoma yao hadi saa sita usiku kwa sababu staa kachelewa, atakwenda kulala. Na akilala leo, mwakani hatakuja. Waandaaji wa matamasha popote mlipo, ngoma za wazee ziwekeni mapema, jua likiwa jekundu. Staa ni kijana, acheni yeye ndiye akeshe.

Turudi kwa shoga yangu, maana alikuwa na hoja ya pili. "Binti yangu akizizoea hizo ngoma, akisema anataka kusomea, nitamjibu nini? Ngoma ni kazi?" Hili ni swali la wazazi wengi, wala simcheki. Uhuni, uhuni, ndilo neno la kwanza mtoto akitaja sanaa.

Basi na amsikie huyu. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, mpiga ilimba na zeze. Alihamia Bagamoyo, akawa mwalimu wa watu wengi, na ala zile zile za kwao zikamzungusha dunia. Alirekodi Uingereza kwenye kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, akapanda majukwaa ambayo wengine tunayaona kwenye televisheni tu. Alifariki Desemba 2003, na nyumba aliyoiacha Bagamoyo haikunyamaza. Katika muziki ule wa Kigogo, kwa desturi wanaume ndio walikuwa mbele, wanawake wakiitikia na kucheza. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa albamu yao, inaitwa Maisha. Safari hii wao ndio mbele. Wameitikia miaka yote, sasa wanaitikiwa! Shoga, bado unaniuliza kama ni kazi?

Sisemi kila atakayepiga ngoma atapanda ndege. Hata kila anayesoma uhasibu hawi meneja wa benki. Lakini mtoto aliyeona ngoma kwa macho yake, vumbi likamwingia puani, ana kitu cha kuchagua. Yule aliyeiona kwenye simu, sekunde thelathini, imekatwa kichwa na miguu, utamlaumu vipi akisema haipendi?

Na faida nyingine ipo kwa mji wenyewe. Siku za tamasha Bagamoyo inaamka. Nyumba za kulala wageni zinajaa, kina mama wanakaanga mihogo na samaki, muuza pweza hana muda hata wa kupangusa jasho, madafu yanakwisha kabla ya adhuhuri. Kwa mji mdogo siku chache za hivyo siyo mchezo. Ada ya shule inatoka pale, bati la nyumba linatoka pale. Kwa hiyo ukienda usijitie ubahili wa kubeba chakula chote kutoka nyumbani. Nunua muhogo wa watu.

Sasa mawaidha ya safari kwa wale ambao nimeshawashika. Ulizia tarehe mapema, zinabadilika mwaka hata mwaka. Nenda mchana ukifaidi, kabla ya msongamano. Beba kanga ya ziada, upepo wa bahari usiku hauna adabu. Watoto waache wakaguse ngoma na kupinduka na wenzao wa Bagamoyo, nguo zitafuliwa. Usikimbilie viti vya mbele, utakula hotuba hadi ushibe. Kaa nyuma, nunua karanga nyingi kuliko unazozihitaji, na ukiona mtu mzima kakaa karibu yako, amkia vizuri halafu uulize: hii ngoma ya wapi, inachezwa lini, na mguu wake ukoje? Atakwambia mengi ambayo hakuna kipaza sauti kitakachokutangazia.

Na kama una mzee wako nyumbani, wa kabila lolote, mpeleke. Mlipie nauli, mtafutie benchi lenye mgongo. Siku kikundi cha kwao kikipanda jukwaani, wewe acha kuangalia jukwaa. Mwangalie yeye miguu.

Haya, mie naishia hapo. Wiki ijayo, panapo majaliwa, nina habari ya wanaume wanaokwenda sokoni na kurudi na bamia tu. Kwaheri ya kuonana!