Wageni wa Rufiji Watakula Nini, na Kwa Nani?



Dimani kwetu ni jina la majira, pale kusi inapolegea na bahari ikawa laini. Tena ni jina la mahala hapa hapa Unguja, ambapo wengi wa wasomaji wa gazeti letu wana jamaa zao. Wachache mno wajuao ya kwamba ng'ambo ya pili, katika Wilaya ya Kibiti, kuna kata nayo iitwayo Dimani, na ya kwamba wilaya hiyo ndiyo yenye Delta ya Rufiji, mahala ambapo mto mkubwa kuliko yote ya Tanzania hugawanyika kama vidole vya mkono kabla ya kuingia baharini, kuikabili Mafia.

Siku hizi pamezuka maneno ya kwamba pwani hiyo nayo ifunguliwe kwa watalii. Wageni waonjeshwe vyakula vya kienyeji, watafutiwe divai, wajengewe mahala pa kulala. Maneno haya husemwa kwa uzuri, na picha zake huwa nzuri zaidi. Mimi ni mwuza duka, si mtalii. Niendapo Rufiji huenda kwa ajili ya mchele na kamba wakavu, nami hulala pale jua linaponichwea. Kwa hivyo nitasema niyajuayo. Chakula cha kuwalisha wageni kipo tele, na nyumba za kuwalaza zipo. Kisichokuwapo ni hakika ya kwamba wenye chakula hicho watabaki na shamba lao na mto wao siku mgeni atakapofika. Na ilimu ya jambo hili sisi wa visiwani tunayo, maana tumeilipia ghali.

Wako watakaouliza: Mzanzibari, Rufiji yakuhusu nini? Nami nawajibu, inua macho utazame dari yako. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zimebebwa na boriti za mikoko, na nyingi zilikatwa katika delta ile zikaletwa kwa majahazi. Upana wa vyumba vyetu umepimwa kwa urefu wa boriti hizo. Mchele wa Rufiji uliwalisha watu wa Unguja katika karne ya 19. Hata vita vya Wazungu vilitupitia sote wawili: manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya Mji wetu tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikakimbilia kujificha katika matawi ya Rufiji, ikamalizikia humo Julai 1915. Basi tu jirani wa siku nyingi, na jirani ana haki ya kusema.

Tuanze na sahani. Mkulima wa delta hatii mbolea ya dukani. Mbolea yake ni tope liletwalo na mto. Hupanda mpunga pale maji matamu yanapoweza kuisukuma chumvi, na akikosea mahala, chumvi humlia miche yote. Na akiisalimisha miche na chumvi, wako kaa, ambao huikata kwa makucha usiku mmoja kama mtu aliyeajiriwa kazi hiyo. Mwenye shamba naye humla kaa. Hapa nitatua kidogo, kwa kuwa najua baadhi ya wasomaji wangu watakunja uso: wanavyuoni wa madhehebu yetu wana maneno yao juu ya kaa, na asiyemla asilazimishwe. Lakini mgeni wa mbali atamla kwa mikono miwili, na wachuuzi wa kaa hai huwafuata hata mikokoni, wakawafunga makucha na kuwapeleka Dar es Salaam, wakapakiwa ndege kwenda Uchina. Mtoaji kaa huingia matopeni mpaka magotini na kijiti chenye ndoana, akaingiza mkono katika shimo asilojua lina nini. Bei hutajwa na mwenye mizani. Sisi tuliosoma chuoni twajua ya kwamba ipo sura nzima juu ya wapunjao vipimo, nami nasema kwa ujuzi wa kazi yangu: mizani isiyokuwa ya kijiji huwa nzito upande mmoja.

Ama kamba, hao ndio fahari ya delta. Kamba huzaliwa baharini, kisha wadogo wao huingia mikokoni kukua kwenye maji ya chumvi na matamu yaliyochanganyika, ndipo warudipo nje. Bila ya mikoko hakuna kamba; mvuvi wa huko hakuhitaji mtaalamu kumfundisha hilo. Wabichi hupikwa kwa tui zito, ndimu, kitunguu na pilipili mbuzi, wakawekwa juu ya wali wa nazi, na hapo maneno huisha. Wasiouzwa wabichi huchemshwa kwa chumvi na kuanikwa juani, na hao ndio wanaofika dukani kwangu. Wapo pia uduvi, ambao kina mama huwavua kwa nguo penye maji machache. Ukiwakaanga kwa kitunguu na kuwalia muhogo wa kuchemsha, hutauliza nyama. Na juu zaidi, mtoni na katika maziwa ya bonde, wapo pelege na kambale. Mimi humpenda pelege wa kuchoma aliyepakwa ndimu, wala sina haja ya kumsifia mtu asiyemjua.

Sasa ile divai. Zabibu za divai ya Tanzania hulimwa Dodoma, na Dodoma si delta. Anayetaka kuwauzia wageni divai ya pwani ya Rufiji atawauzia chupa iliyosafiri kuliko wao. Watu wa huko walio wengi ni Waislamu kama sisi. Hata hivyo sitajifanya kipofu: minazi hugemwa, na mabibo ya korosho, ambayo Kibiti yako kwa wingi, hugeuzwa uraka, na uraka hugeuzwa gongo iliyokatazwa na sheria. Mambo hayo mgeni hatakosa wa kumwonyesha, wala hahitaji kalamu yangu. Ninachokijua ni cha dafu lililoangushwa hivi sasa, na cha togwa iliyopoa katika mtungi, na hivyo viwili huviona vinatosha kwa mtu aliyetoka juani. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimeliona hilo katika vyakula vyetu wenyewe huku Unguja: tangu vilipoanza kusifiwa na wageni, urojo umepungua ukali, na pweza hupikwa kama mpira.

Na kulala? Kibiti na Bungu, kwenye barabara kuu iendayo Lindi, ziko nyumba za wageni za kawaida, kitanda, feni na ndoo ya maji, safi kwa kadiri ya mwenyewe alivyo safi. Ndani ya delta kwenyewe nyumba yenye sifa ni dungu. Dungu ni kibanda kilichosimamishwa juu ya nguzo ndefu, sakafu yake fito, na jamaa nzima huhamia humo wakati wa mpunga, wakalinda shamba na ndege, nguruwe na nyani, na maji ya mto yakapita chini yao. Usiku husikii ila maji na mlinzi wa jirani akipiga debe. Hakuna hoteli inayoweza kukupa hayo, na hilo lilipaswa kuwa mtaji wa mwenye dungu. Lakini mgeni wa leo hafiki hapo. Huruka kwa ndege ndogo mpaka kambi za Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, au huruka mpaka Mafia, akaitazama delta kutoka juu kama zulia la kijani, akapiga picha.

Ndugu zangu, dungu hilo limesimama juu ya ardhi ya nani? Hapa ndipo penye mzizi wa maneno yangu. Mikoko ya delta, ambayo ni takriban hektari 53,000, ni hifadhi ya misitu ya Serikali, na ilianza kuwekewa sheria tangu enzi ya Wajerumani. Kwa hivyo mtu aliyezaliwa kisiwani humo, na babu yake akazikwa humo, akilima mpunga palipokuwa mikoko huhesabiwa mvamizi. Sikatai kwamba mikoko yafaa kulindwa. Nimekwisha sema ya kwamba bila yake hakuna kamba. Lakini mbona mwenye jembe akikata nusu eka huitwa mharibifu, na mwenye mtaji akija na ramani huitwa mwekezaji? Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuja kampuni ikitaka sehemu kubwa ya delta, maelfu kwa maelfu ya hektari, ifuge kamba katika mabwawa, na Serikali ikaukubali mpango huo. Wanavijiji wengi waliukataa, wakafika hata mahakamani, na mpango ukafa. Kisha mwaka 2007 ikabidi meli kubwa za kuvua kamba zisimamishwe kwa kuwa kamba wamepungua baharini. Meli hizo hazikuwa za mwenye dungu.

Lipo na jingine ambalo watengenezaji wa picha nzuri hawalitaji. Wengi waliisikia Kibiti kwa mara ya kwanza kwa ajili ya khofu ya mwaka 2016 na 2017, walipouawa viongozi wa vijiji, na askari polisi wanane wakauawa kwa siku moja Aprili 2017, na watu wengine wakatoweka majumbani mwao. Mwandishi wa khabari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika khabari za mauaji hayo, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017, wala hajaonekana tena. Sasa pametulia, alhamdulillahi. Lakini utalii ni kazi ya watu kusimulia mahala pao, na mtu hasimulii vizuri hali ya kuwa anatazama nyuma ya bega.

Kisha yakaja maji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, na mwezi uliofuata Kimbunga Hidaya kikafika pwani hiyo hiyo. Mto juu yake sasa una bwawa la umeme la megawati 2,115, nao wakulima wa chini, ambao kalenda yao yote ni maji, yawapasa waambiwe mapema lini yatafunguliwa na kwa kiasi gani. Huwezi kumwalika mgeni kwenye wali wa mtu ambaye hajui kama mwakani atavuna.

Nilisema tumeilipia ghali ilimu hii. Mwaka 2023 wageni waliofika Zanzibar walizidi laki sita. Je, mvuvi wa pwani ya mashariki ametajirika kwa kadiri hiyo? Pwani alipokuwa akivuta ngalawa yake sasa pana vitanda vya jua, na akipita mbele yake hutazamwa na mlinzi ambaye pengine ni mtoto wa shangazi yake. Mboga na matunda ya mahotelini, sehemu kubwa hutoka bara. Mimi mwenyewe nimepata kupeleka viungo na dagaa katika hoteli moja, sitaitaja, nikaambiwa malipo ni baada ya siku tisini. Nami ni mwenye duka, nina stahamala ya akiba. Mama mwenye beseni la samaki hawezi kungoja siku tisini, basi hoteli humwacha ikanunua kwa tajiri anayeweza kungoja. Hivyo ndivyo mwenye chakula anavyotolewa mezani bila ya mtu yeyote kumfukuza. Haya yote yamepewa jina la Uchumi wa Buluu, na rangi yake nzuri.

Kwa hivyo ningependa watu wa Rufiji na Kibiti waanzie pale tulipochelewa sisi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanakijiji haki ya kupata hati ya kimila. Vijiji vilivyo nje ya hifadhi viitumie kabla mwenye ramani hajafika, na vilivyo ndani ya mikoko vidai maelewano ya maandishi, mpunga hapa na mikoko pale, yenye sahihi ya Serikali wala si maneno ya afisa apitaye. Mizani ya kaa na kamba iwe ya kijiji, na ikaguliwe mbele ya watu. Anayetaka kulaza mgeni nyumbani kwake au dunguni asidaiwe leseni kama mwenye hoteli ya vyumba mia. Na mpishi alipwe siku ile ile, mkononi mwake, si mkononi mwa dalali aliyemleta mgeni.

Nanyi wanachama wenzangu, mkienda huko kwa biashara, na wengi huenda, msishukie Dar es Salaam mkanunua kamba kwa mtu wa nne. Panda gari mpaka Bungu, kata njia ya Nyamisati, pale pale boti za Mafia zinapoondokea, na hapo utapata mashua za kuingia vijijini. Chukua chandarua, na uulize kwanza maji ya siku hiyo, maana siku za maji mafu mashua nyingine hukwama katika tope saa sita nzima, na hakuna wa kumlaumu.